Wageni watatu, nchi tatu, wote Mendoza: hawa ni ukoo mmoja?

Buti_la_Machame (Moshi)

Wakuu, salaam. Nianze na makosa yangu mwenyewe maana ndiyo yaliyonileta.

Mimi napeleka wageni mlimani, huu mwaka wa kumi na nne. Wiki jana tulikuwa na kundi la watu sita, njia ya Machame, siku saba. Lilikuwa kundi la kuchanganya, yaani kila mtu kajiandikisha kwao huko, wanakuja kukutania Moshi. Orodha ikaingia kwenye simu nikiwa ndani ya daladala, nimebanwa kati ya mama mwenye ndizi na konda. Nikapitisha macho: Mendoza, Mendoza, Mendoza, halafu wengine watatu. Nikasema moyoni, hii familia. Baba, mama, mtoto. Nikapiga simu hotelini wanipe chumba cha vitanda vitatu. Nikamwambia mtunza vifaa atoe lile hema kubwa. Nikaenda uwanja wa ndege wa KIA na kipande cha boksi, herufi kubwa: FAMILIA YA MENDOZA.

Wa kwanza kutoka ni mzee wa Mexico, miaka 61, masharubu meupe. Wa pili dada wa Ufilipino, nesi, begi lake refu kuliko yeye. Wa tatu kijana wa Hispania. Wakasimama watatu mbele ya boksi langu, wanaangalia boksi, wanaangaliana. Yule dada akaniuliza taratibu, "Familia ya nani?"

Hawajawahi kuonana maishani.

Hilo tulilimaliza kwa kicheko, hotelini wakapata vyumba vitatu, mahema yakaongezwa asubuhi. La pili ndilo lililoniuma. Wote sita wamefika Uhuru, tumeshuka Mweka, vyeti vinagawiwa, wapagazi wanaimba. Mzee wa Mexico akanisogelea, akaniwekea kidole kwenye cheti bila neno. Pasipoti yake ina majina mawili baada ya jina lake la ubatizo: Mendoza Salas. Mimi nikachukua la mwisho kama tunavyofanya kwetu, la mwisho ndiyo ukoo, nikamwandika Salas. Kumbe Salas ni upande wa mama yake. Mzee kapanda mita 5,895 na kashuka akiwa na cheti cha wajomba zake.

Sasa maswali. Kwetu ukiniambia Mtui nakupeleka Marangu, ukisema Shirima naanza kuangalia basi la Rombo. Hili Mendoza kwao ni wapi? Limefikaje Ufilipino, ambako si Hispania wala Amerika? Na kwa nini yule kijana wa Hispania anatamka "Mendotha" kwa th ya thamani, na wenzake wawili wanasema "Mendosa"?

Naomba kuwasilisha.

Mangi_wa_Kiborloni

Hema moja! Meku, mshukuru Mungu yule dada hakukutandika na fimbo ya mlima.

Jibu ni rahisi. Mendoza ni mji, uko Argentina, chini ya mlima Aconcagua. Wageni waliopanda kule huwa wanausimulia. Jina limetoka hapo.

Pwani_Kwanza (Tanga)

Mimi nadhani ni Mendes tu limenyooshwa. Wagoa wa Dar na Mombasa wapo akina Mendes, Fernandes, Pinto, D'Souza. Mreno huyo.

Mkalimani_Njiro (Arusha)

Kaka Buti, pole na hongera. Mimi nafasiri Kihispania kwa makundi ya safari hapa Arusha, na hilo la jina la mama limenikuta kabla yako, tena kwa watu wa fungate. Siku nyingine nitasimulia.

Nianze na ndugu wawili hapo juu, msinikasirikie. Mangi, mji wa Mendoza upo kweli na Aconcagua ipo kweli, mita 6,961, hakuna mlima mrefu kuliko huo Amerika nzima. Ila umeligeuza jambo kichwa chini miguu juu. Mji ulianzishwa mwaka 1561 na Pedro del Castillo, akaupa jina la bosi wake, gavana wa Chile, García Hurtado de Mendoza. Mtu ndiye aliyeupa mji jina. Huyo García baadaye alikuwa mtawala wa Peru kwa niaba ya mfalme, na mwaka 1595 mabaharia wake wakafika visiwa fulani katikati ya Pasifiki wakaviita kwa heshima yake, Marquesas, kwa kuwa ukoo wake ulikuwa na cheo cha marqués. Watu hawa walikuwa hawaoni aibu.

Ndugu wa Tanga, Mendes ni jingine kabisa. Mendes kwa Kireno, Méndez kwa Kihispania, maana yake mwana wa Mendo. Ile -ez au -es ya mwisho inafanya kazi ya "bin": Fernández ni bin Fernando, Rodríguez ni bin Rodrigo. Mendoza halina baba ndani yake. Wareno wanalo pacha wake, wanaliandika Mendonça, na Wagoa wengine wanalo hilo.

Mendoza kwa asili si Kihispania wala Kireno. Ni Kibaski. Wabaski wako kaskazini mwa Hispania na kona ya Ufaransa inayopakana nao, na lugha yao haina undugu na lugha nyingine yoyote ya Ulaya. Mendi ni mlima. Hotz ni baridi. Ile a ya mwisho ni kama "ule". Yaani jina la wageni wako ni Mlima Baridi.

Kijiji cha Mendoza bado kipo, mkoa wa Álava, karibu na mji wa Vitoria-Gasteiz, na mnara wa mawe wa wenyewe umesimama hadi leo. Wabaski walikuwa wanamwita mtu kwa mahali ilipo nyumba yake. Ninyi wa Kilimanjaro mtalielewa hili upesi kuliko sisi wengine: kihamba, yaani shamba la ukoo, ndicho kinachokutambulisha, wewe unapita, kihamba kinabaki.

Kutoka kijijini hadi kwa mgeni wako wa Mexico njia ni hii. Mwaka 1332 Álava iliingia chini ya mfalme wa Castilla, na wakubwa wa ukoo huu wakashuka kusini kutafuta mambo, wakaweka makao mji wa Guadalajara. Mwaka 1385, kwenye vita vya Aljubarrota dhidi ya Wareno, mambo yakaharibika, na Pedro González de Mendoza akampa mfalme farasi wake akimbie, yeye akabaki akafa. Mfalme hasahau kitu kama hicho. Mjukuu wake, Íñigo López de Mendoza, akawa marqués wa Santillana na mmoja wa washairi wakubwa wa zama zake. Mtoto wa huyo mshairi akawa kardinali, watu wakimwita mfalme wa tatu wa Hispania, baada ya malkia Isabel na mfalme Fernando wenyewe. Na kitukuu wa mshairi, Antonio de Mendoza, ndiye aliyepelekwa Mexico mwaka 1535 kuwa mtawala wa kwanza kwa niaba ya mfalme. Alikaa miaka 15, akahamishiwa Peru, akafia Lima mwaka 1552. Mwaka 1536 mwingine wa jina hilo, Pedro de Mendoza, aliweka kambi ya kwanza ya Buenos Aires.

Sasa usije ukadhani hao mabwana ndio waliozaa akina Mendoza wote wa leo. Hawakuwa na muda huo. Jina lilisambaa kwa ubatizo. Mwenyeji akibatizwa anachukua jina la msimamizi wake, au la bwana mkubwa wa siku hizo, na huko Mexico bwana mkubwa wa siku hizo alikuwa Mendoza. Hata machifu wa Waazteki walioshindwa wapo walioitwa don Diego de Mendoza. Waafrika waliopelekwa kule utumwani nao walibandikwa majina ya waliowamiliki. Kwa hiyo leo unakuta akina Mendoza wa kila rangi.

Mexico na Ufilipino ndiko waliko wengi kuliko kote. Peru na Kolombia wapo wengi, Bolivia vilevile, na Ekwado ukienda mkoa wa pwani wa Manabí unawakuta kama unavyokuta Massawe huko kwenu. Marekani wameingia na wahamiaji, hasa kutoka Mexico, na kusini magharibi wengine walikuwepo kabla mpaka haujahamishwa mwaka 1848. Hispania kwenyewe si jina la kujaza daftari. Kule anayeongoza ni García, zaidi ya watu milioni 1.4 wanalo kama jina la kwanza la ukoo.

Th umeisikia vizuri. Hispania ya kaskazini na katikati wanatamka z kama th ya thamani. Amerika ya Kilatini yote ni s. Na Wabaski wenyewe z yao ni s, kwa hiyo yule mzee wa Mexico anakaribia zaidi matamshi ya kijijini kuliko kijana wa Hispania. Usimwambie kijana.

La mwisho kwa leo. Kuna watu mtandaoni wanauza ngao ya ukoo yenye fremu, "ngao ya Mendoza". Mgeni akikuonyesha, tabasamu tu. Ngao ilikuwa ya watu fulani wa tawi fulani, si ya kila mwenye herufi hizo saba.

Mangi_wa_Kiborloni

Nimekubali, dada. Naondoka na Aconcagua yangu.

Buti_la_Machame (Moshi)

Dada wa Njiro, subiri kwanza. Mlima Baridi?

Ngoja nikusimulie usiku wa kilele. Tumelala Barafu. Kwa wasiopanda, Barafu ni kambi ya mwisho, mita 4,673, na jina lake halidanganyi. Saa tano usiku nawaamsha kwa chai. Yule dada nesi anatoka kwenye hema kavaa kila kitu alichobeba, na juu yake koti la msaidizi wangu, linamfika magotini. Anatetemeka mpaka kikombe kinagonga meno. Mzee wa Mexico soksi jozi tatu, kiatu hakiingii. Kijana wa Hispania, ambaye siku nne alikuwa anatuimbia, kanyamaza kimya. Nimewapanga hao watatu nyuma yangu, taa za kichwani zinamulika visigino vyangu, na saa saba nzima hadi kucha sikusikia neno jingine ila "frío, frío". Nesi naye analisema hilohilo.

Watu watatu wanaoitwa Mlima Baridi, juu ya mlima baridi, wametoka kambi ya Barafu, wanalia baridi. Na mimi nilikuwa nao wiki nzima sikujua!

Nimebakiwa na la Ufilipino. Na jingine dogo: mwaka juzi nilikuwa na mgeni anaitwa Meza. Kila mpishi akipiga kelele "leteni meza," mzee wa watu anageuka. Siku ya tatu akaacha kugeuka, siku ya nne tukamwita kweli hakusikia. Hilo nalo lina habari?

Pwani_Kwanza (Tanga)

Nimesoma kwa Mkalimani nimenyamaza kuhusu Mendes. Lakini hapo kwenye Guadalajara niachieni mimi, maana nilikaa chuoni kwa sheikh miaka minne. Wadi al-hijara. Wadi ni bonde, hijara ni mawe. Ni Kiarabu kitupu, cha enzi za Waislamu kutawala Andalusi. Waliosoma wanajua Hajar al-Aswad, jiwe jeusi. Bonde la Mawe.

Buti, mzee wako wa Mexico anatoka mji gani?

Buti_la_Machame (Moshi)

Guadalajara! Ya kwao Mexico. Kaandika kwenye fomu, ninayo hapa.

Pwani_Kwanza (Tanga)

Basi umempeleka Mlima Baridi wa Bonde la Mawe. Mjini kwake ni Kiarabu, jina lake Kibaski, yeye ni wa Mexico, na wewe ukampa cheti cha mjomba.

Mkalimani_Njiro (Arusha)

Pwani umelipa deni. Na hiyo Guadalajara ya Mexico imepewa jina kwa ajili ya ile ya Hispania, kwa sababu Nuño de Guzmán, aliyekuwa bwana wa eneo lile, alizaliwa kule.

Meza: upo sawa, ni jina la ukoo, wengine wanaandika Mesa. Neno lenyewe ni hii hii meza ya kulia. Sisi tuliichukua kwa Wareno kama tulivyochukua bendera na gereza, Wahispania wanalo lilelile. Kwenye majina ya ukoo linamaanisha ardhi ya juu iliyo bapa, kama ukiangalia Shira kwa mbali. Mtu aliyeishi hapo akaitwa hivyo.

Ufilipino. Wahispania walitawala huko miaka zaidi ya 300, na muda mrefu Wafilipino wengi hawakuwa na jina la ukoo la kudumu. Walikuwa na la ubatizo na jingine wanalojipenda wenyewe, la mtakatifu mara nyingi, ndugu wa tumbo moja wana majina tofauti. Karani wa kodi anachanganyikiwa, padri naye hajui nani kamwoa nani. Ndipo gavana Narciso Clavería akatoa amri tarehe 21 Novemba 1849: kila familia ichukue jina. Kikachapishwa kitabu cha majina kwa mpangilio wa alfabeti, maelfu kwa maelfu, kurasa zikagawiwa mikoani, mikoa ikagawa kwa miji, wakubwa wa familia wakaja kuchagua. Sehemu nyingine mji mzima ulipata ukurasa wa herufi moja. Oas, jimbo la Albay, ukikutana na wenyeji majina yao yanaanza na R. Fikiria mtendaji wa kijiji anakuja na karatasi ya herufi moja, kila mwenye kihamba asogee achague.

Waliokuwa na jina lililodumu vizazi vinne waliruhusiwa kubaki nalo. Kwa hiyo nesi wako, ama babu yake alilipata kwenye ubatizo kabla ya hapo, ama alilipokea kwa karani mwaka 1849 au baada kidogo. Vyovyote iwavyo, huko sasa Mendoza liko kwenye yale majina kumi yanayoongoza.

Na hapa ndipo ulipotegeka, kaka. Mhispania na Mmexico: jina la ubatizo, la baba, la mama. Mendoza Salas, baba ni Mendoza. Mfilipino amerithi majina lakini mpangilio ni mwingine: la mama linakaa katikati, la baba mwisho. Santos Mendoza, baba ni Mendoza. Ndiyo maana nesi ulimpatia, mzee ukamkosea, kwa kanuni ileile moja. Hispania nako usijiamini sana, sheria ya mwaka 1999 iliruhusu wazazi kukubaliana la mama litangulie. Na mke habadilishi jina akiolewa. Mimi watu wangu wa fungate niliwaandikia bwana na bibi kwa jina la bwana, bibi akaninunia kuanzia Tarangire hadi Ngorongoro. Haya, nimesimulia.

Mzee_wa_Kibosho

Wanangu, nasoma tu kwa miwani ya mjukuu. Niulize: hao Wabaski ndio wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri? Marehemu baba yangu mdogo aliitwa Ksaveri, alizaliwa tarehe 3 Desemba, padri akasema leo ni sikukuu yake, hakuna kujadili.

Mkalimani_Njiro (Arusha)

Shikamoo mzee. Ndiyo hao hao. Alizaliwa mwaka 1506 kwenye ngome ya Javier, Navarra. Ksaveri halikuwa jina la baba yake, baba yake alikuwa Juan de Jaso. Ni jina la ile ngome. Kibaski etxe ni nyumba, berri ni mpya. Etxe berri, midomo ikalisaga karne hadi karne likawa Xabier, Javier, Xavier. Wahispania wengine wanaitwa Echeverría, ni neno lilelile limeshika njia nyingine.

Na hakuwa mbali na sisi. Mwaka 1542 akielekea Goa meli yao ilitia nanga Malindi.

Mzee_wa_Kibosho

Marahaba mwanangu. Kumbe baba mdogo alikuwa Nyumba Mpya. Na yeye ndiye aliyekataa katakata kubomoa ile ya udongo, mpaka kafa ikiwa imeegemea mgomba. Nitawaambia Desemba wakija wote.

Buti_la_Machame (Moshi)

Mzee, shikamoo. Hiyo Desemba utuite na sisi, mbege tutabeba.

Mrejesho wakuu. Leo asubuhi nimekwenda kueleza, cheti cha mzee kimetoka upya: Mendoza Salas, yote mawili, kama pasipoti inavyosema. Mwenyewe yuko Zanzibar anaota jua, nimempelekea picha, cha karatasi atakichukua akipita kurudi. Nikamwandikia pia maana ya jina lake, kwa Kiingereza changu hiki cha mlimani. Amejibu sauti ya dakika nzima, nusu yake anacheka, nusu anamwita mtu aje asikie. Nesi naye nimemtumia. Kajibu kwa neno moja: "Obvious."

Alhamisi nina kundi jingine. Orodha nimeisoma nimekaa, mezani, kalamu mkononi. Yupo Echeverría mmoja wa Chile, wapo García wawili, mmoja Marekani mmoja Hispania, na Mtanzania mmoja, Massawe wa Dar, anakuja kupanda mara ya kwanza. Mahema ni ya mtu mmoja mmoja, wote.

Mangi_wa_Kiborloni

Huyo Massawe ni wa wapi?

Buti_la_Machame (Moshi)

Nitamuuliza getini. Sibahatishi tena.